Mto Mirongo unaharibiwa kuanzia milimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kuhusu Mto Mirongo, unaokatiza Jiji la Mwanza na kumwaga tope Ziwa Victoria. Mafuriko yakitokea, lawama huangukia taka zilizoziba makalavati. Taka zipo, lakini tatizo kubwa liko juu milimani. Nyumba moja ya bati haiudhuru mto. Mamia yake, pamoja na vijia vilivyokanyagwa hadi udongo ukashindiliwa, huyanyima maji nafasi ya kuzama ardhini. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Maji hayo hung'oa udongo katikati ya mawe, na fosforasi, kirutubisho cha mimea, huondoka nao kwa sababu hushikamana na chembe zake. Ziwani fosforasi hiyo hulisha mwani. Iliyotuama chini huachiwa tena majini oksijeni inapopungua, hivyo madhara huendelea miaka mingi hata chanzo kikishazibwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Naiunga mkono kabisa, ila ukanda huo hauwezi kumeza maji ya mlima mzima. Jiji na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria wapime kwanza eneo lote lililokwisha kuezekwa na kusakafiwa, ndipo vibali vipya vitolewe. Anayejenga mteremkoni aweke tangi la kuvuna maji ya paa na kuta za mawe zinazokingama mteremko. Mitego ya mchanga, yaani mashimo yanayonasa mchanga unaobebwa na maji, izolewe kabla ya vuli na kabla ya masika. Ikijaa, tope hupita juu yake.

Msomaji,
Mwanza