Tumbaku ina ghala, mahindi yanalala chini ya kitanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Juzi kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu mmoja alituambia njaa duniani itakwisha siku wakulima wote watakapolima kisasa: mbegu bora, mbolea, trekta. Tukampigia makofi. Njiani kurudi nikajiuliza, mbona mimi nimepanda hiyo mbegu bora na Februari nilikuwa dukani nanunua unga?

Hesabu yangu ni hii. Nilivuna magunia 14. Juni niliuza sita kulipia deni la mbolea na mahitaji ya shule. Sita kwa hesabu ya mnunuzi, saba na ushei kwa hesabu yangu, maana alifunga lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Yaliyobaki nikayaweka ndani. Kufika Krismasi, matatu yalikuwa vumbi tupu. Februari nikanunua mahindi kwa bei karibu mara mbili ya niliyouzia.

Aliyenisagia mahindi hayo ni dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa nafaka, ambaye wengine humwita Skania. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza hapahapa mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyotoka ng'ambo. Hata makopa ya muhogo anayasaga, na mbao za kihenge anazitoboa. Mbegu nyingi za kisasa zinamrahisishia kazi: punje ni laini na maganda hayafuniki ncha ya gunzi. Mahindi ya babu yalikuwa machache lakini magumu, tena yalikaa kwenye uchaga juu ya meko, yakila moshi.

Sisemi turudi kwa babu. Kilimo cha kisasa kimeongeza mavuno. Dunia sasa inavuna nafaka zaidi ya tani bilioni 2.7 kwa mwaka. Lakini Umoja wa Mataifa unakadiria watu wapatao milioni 673 walikumbwa na njaa mwaka 2024, ilhali mwaka 2022 pekee zaidi ya tani bilioni moja za chakula zilitupwa majumbani, hotelini na madukani. Vita nayo ni habari nyingine. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam huko Darfur, Sudan, ilithibitishwa kuwa na baa la njaa Agosti 2024, na hapo bwana shamba hana la kufanya bunduki zikilia.

Kwetu Urambo hakuna vita. Tuna tumbaku, na hilo ndilo linaloniuma. Zao lisiloliwa lina mkataba, lina mkopo wa pembejeo, lina ghala la chama cha msingi cha ushirika na mnunuzi anayejulikana mapema. Mahindi yana kitanda changu na mlanguzi mwenye pikipiki. Kwa nini ghala lilelile lisipokee mahindi Juni, mkulima akapewa stakabadhi na sehemu ya fedha, salio akalipata bei ikipanda? Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005, na wenzetu wa korosho wanaitumia. Mahindi ya kijiji chetu bado hayajaonja.

Kuna pia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani. Ukikausha mahindi vizuri na kuukaza mfuko usipitishe hewa, mdudu anakosa hewa anakufa, bila dawa yoyote. Tatizo ni bei: mmoja unazidi kiroba cha kawaida mara kadhaa, na unatakiwa mwezi uleule tunaodaiwa. Ruzuku ya mbolea imetusaidia. Nauliza kwa nini iishie shambani isifike kwenye mfuko.

Mwaka huu nimemudu mifuko mitano. Mahindi yaliyozidi hapo, lori la lumbesa limeshayapitia.

Mkulima,
Urambo, Tabora