Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: tulivyokosea ada, na kipato cha kaya ya katikati

Ndugu wanachama, nawasalimu wote na poleni na baridi. Mambo ya hesabu mhazini atawasomea, marejesho yameenda vizuri na hapo sina la kuongeza. Mimi nataka niongelee jambo moja lililotuumiza mwaka huu, ada ya kikundi chetu hiki cha hisa, ilivyopanda mpaka baadhi ya wenzetu wakatoka.

Mnakumbuka mkutano mkuu uliopita tulipandisha ada kwa kuangalia wastani wa kipato cha kaya zetu hapa Tukuyu, na mimi ndo nilisimama kuitetea. Hakuna aliyedanganya, kujumlisha tulijumlisha vizuri, ila wastani haukuwa kipimo cha kutumia kwenye jambo hili. Chukulia kaya tano, ya kwanza inaingiza laki moja kwa mwezi, ya pili laki na nusu, ya tatu laki mbili, ya nne laki mbili na nusu, ya tano ni ya mfanyabiashara wa parachichi anayepakia fuso anaingiza milioni tatu. Jumlisha gawa kwa tano unapata laki saba na arobaini, sasa niambieni hapo nani anaishi maisha ya laki saba na arobaini? Hakuna hata mmoja. Ila ukizipanga kuanzia ya chini kwenda juu ukachukua iliyokaa katikati unapata laki mbili, na hata yule wa fuso akiingiza milioni kumi ile ya katikati haitikisiki.

Mama mmoja alikuja kwangu jioni kurudisha kitabu chake cha hisa, amekifunga kwenye kipande cha kanga ili mvua isikiloweshe, hakulalamika, akasema tu mwenyekiti mambo yakikaa sawa nitarudi. Kile kitabu bado ninacho.

Ndo tukakaa na kijana wetu aliyesoma takwimu chuo, akatueleza wenzetu Marekani wanavyofanya. Kule ofisi ya sensa inatoa kila mwaka makisio ya kipato cha kaya ya katikati kwa kila kaunti, ni kama wilaya zetu, na kaunti ziko zaidi ya 3,100. Los Angeles ina watu karibu milioni 10, Loving kule Texas sensa ya 2020 ilikuta watu 64, yaani kaunti nzima haifikii hata kitongoji chetu. Wana dodoso linaloenda kwenye anwani kama milioni 3.5 kwa mwaka, lakini matokeo kamili ya mwaka mmoja mmoja wanayatoa kwa sehemu zenye watu kuanzia 65,000 tu, kwa sababu ukihoji kaya chache jibu linayumba sana, ukimkosa mmoja ukampata mwingine namba inabadilika kabisa. Kwa hiyo kwenye makisio ya kaunti dodoso haliachwi peke yake, wanachukua na taarifa za kodi ambazo watu wamejaza na za wanaopewa msaada wa chakula, wanaangalia vitu hivyo vinaendaje na kipato, alafu wanachanganya na dodoso. Pale dodoso lina kaya nyingi linasikilizwa zaidi, pale lina kaya chache wanaegemea zile taarifa nyingine. Na pembeni ya namba wanaandika inaweza kuwa chini au juu kwa kiasi gani. Hili la mwisho nimelipenda sana, sisi tulisema namba moja kama vile tumeitoa mbinguni.

Huku kwetu utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wa 2017/18 ulichagua kaya 9,552 Tanzania Bara nzima, ukizigawa kwa mikoa 26 zinabaki kama 370 kwa mkoa, sasa ukishuka mpaka kata utakuta kaya ngapi? Lakini sensa ya 2022 ilifika kila mlango na iliuliza habari za paa, sakafu, choo na nishati ya kupikia, na hivyo ni vitu ambavyo hata sisi tunaviona kwa macho na vinaendana na kipato, kwa hiyo vinaweza kusaidia dodoso kama zile taarifa za kodi kule Marekani.

Basi tukaanza upya na dodoso letu. Kaya ya kwanza nilienda mimi na katibu, kwa bibi mmoja, tukamuuliza kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi, akajibu mwanangu mimi sina kipato. Nyuma yake kuna mikungu minne ya ndizi inasubiri gari, na lumbesa mbili za viazi! Hakuwa anaficha, kwake kipato ni mshahara. Tukabadilisha swali, mikungu mingapi kwa wiki, lumbesa ngapi msimu huu, maziwa lita ngapi yanauzwa na ngapi yananywewa nyumbani, mtoto aliyeko Mbeya mjini anatuma kiasi gani, na tukauliza miezi 12 yote maana ukimuuliza mtu kipindi cha mavuno tu utamuona tajiri. Kile wanachokula toka shambani nacho tunakihesabu kwa bei ya soko la hapa. Ilichukua karibu saa nzima kaya moja lakini ndo ilikuwa ya kweli.

Ombi langu kwenu, ada ya sasa isimame mpaka dodoso liishe, alafu tuipange upya kwa kufuata kaya ya katikati, na waliotoka kwa sababu ya ada warudi na hisa zao zilezile bila faini. Kaya zilizobaki ni za kule juu ambako pikipiki haipandi kipindi cha mvua, tutaenda kwa miguu, mtupokee na mtutajie hata zile ndizi mnazogawia majirani. Kwa yule mama kitabu nitampelekea mwenyewe.