Sabuni haihitaji kibanja

Ndugu Mhariri,

Katika kijiji chetu, mkoani Kagera, kuna vikundi vitatu vya akina mama vinavyotengeneza sabuni ya maji. Vyote vitatu vimekopeshwa na halmashauri, vyote vimefundishwa na mtaalamu yule yule, na vyote vinauza kwa bei ile ile, kwenye chupa za maji tunazookota stendi. Wateja wetu ni sisi wenyewe. Siku ya marejesho ikifika, wapo wenzangu wanaokimbilia kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ili walipe mkopo ambao hauna riba. Mimi ni mwanachama wa kikundi kimojawapo, kwa hiyo simsimangi mtu.

Wala sipingi mikopo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ukarudi 2024, na wengi tulishukuru. Ninachouliza ni kitu kingine. Kwa nini sabuni? Kwa nini, kila mwanamke wa kijijini akitajwa kwenye mipango ya maendeleo, zinafuata sabuni, batiki na kuku watano? Sisi ni wakulima. Nimekulia kwenye migomba na kahawa, najua kupogoa, najua kuweka matandazo, najua buni ipi imeiva na ipi inadanganya kwa rangi. Sabuni nimeijua ukubwani.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na jibu nililolipata ni jepesi mno hata naona haya kuliandika: sabuni haihitaji ardhi. Unaweza kuipika uani kwa mtu.

Kwa asiyeijua Kagera, kibanja ndicho maisha. Ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, kahawa na maharage chini yake, na mara nyingi ni la ukoo. Mama anaingia humo kwa ndoa na anaweza kutoka humo kwa msiba. Tangu zamani sehemu yake hasa ilikuwa rweya, yale majani ya wazi nje ya kibanja, alikolima omusiri, yaani kishamba cha msimu, cha njugumawe na karanga, msimu huu hapa, msimu ujao pale. Hakuna aliyemzuia kwa kuwa hakuna aliyeithamini rweya. Siku hizi inathaminiwa. Imepandwa misonobari na mikaratusi, ina wenyewe wenye karatasi, na bibi mwenye jembe lake anaambiwa atafute pengine.

Kahawa nayo ina mambo yake. Chama cha msingi cha ushirika kinamwandikisha mwenye shamba, na malipo yanakwenda kwa aliyeandikishwa. Kisha kuna butura, ambayo serikali imeikataza na watu wanaendelea nayo usiku: baba anaiuza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ana shida au ana kiu. Mavuno yanapofika, mama anachuma, anaanika, anageuza kahawa ya maganda juani siku nyingi, na gunia linabebwa na mtu mwingine. Amechuma kahawa iliyokwisha kunywewa.

Mtu atasema sheria zipo. Ni kweli zipo, na nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili. Na kabla ya hapo, kesi iliyofungua macho ya nchi nzima ilitoka huku huku kwetu Muleba. Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kupinga, na mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na mila haiwezi kukaa juu yake.

Lakini lile tangazo la sheria za mila la 1963, linalomtenga binti na ardhi ya ukoo na kumwacha mjane bila fungu, halikufa siku hiyo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania ilirekebishe, kutokana na malalamiko ya wajane wawili. Huku kijijini hakuna anayelisoma. Hakuna haja: wazee wa ukoo wanalijua kwa kichwa, na wanagawa shamba kwa kulifuata baada ya matanga, mjane akiwa jikoni anawapikia.

Nimewahi kuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, mmoja wa wale wanawake watatu ambao sheria inawataka kati ya wajumbe saba. Nilikuwepo wapimaji walipokuja kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila. Fomu ile ina nafasi ya jina zaidi ya moja. Niliiona kwa macho yangu. Kijana aliyekuwa akijaza aliuliza swali moja tu kila alipofika: "Mwenye shamba nani?" Na sote, wake na waume, tulinyoosha kidole kwa baba. Alipofika kwetu, nami nilinyoosha. Nilikuwa mjumbe wa baraza, nimehudhuria semina mbili za jinsia, na nilinyoosha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara na halmashauri halihitaji bajeti. Badilisheni swali. Mpimaji akifika kwenye shamba la mtu na mkewe aulize, "Linalimwa na nani na nani?", aandike majina yote mawili, na asiyetaka jina lake liwemo aseme mwenyewe, mbele ya mashahidi. Ubao wa matangazo unaobandikwa orodha ya vikundi vilivyokopeshwa ubandikwe pia idadi ya wanawake waliomo kwenye daftari la ardhi la kijiji. Nina hakika tungeisoma hiyo kwanza. Vyama vya msingi viandikishe kahawa kwa majina yale yale mawili ya kwenye hati. Halafu mtuletee mikopo, na mtaona kama kuna atakayeomba pesa ya sabuni.

Hati yetu imo ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Ina jina moja. Mume wangu hana ubishi, amekubali la pili liongezwe, na ameweka sahihi. Ofisini niliambiwa niandike barua ya maombi. Niliipeleka msimu wa kahawa uliopita. Mwezi jana nilipofuatilia niliambiwa niandike nyingine.

Mkulima,
Kagera