Kabla ya kikao cha kupitia rasimu za kozi

Ndugu wanakikundi,

Habari za kazi. Ninaomba kila mmoja aanze na matokeo ya ujifunzaji (yale mwanafunzi atakayoweza kufanya baada ya kozi), aandike tathmini itakayoyapima, na ndipo aamue kipi kifanyike mtandaoni na kipi kibaki darasani. Mtaalamu wa elimu John Biggs alisisitiza ulinganifu huu tangu miaka ya 1990, lakini baadhi ya rasimu nilizosoma zimeanza na programu za kompyuta, hivyo shughuli zake hazigusi kile ambacho mtihani unauliza.

Katika kozi mseto, yaani inayochanganya masomo ya darasani na ya mtandaoni, hatari kubwa ni kumbebesha mwanafunzi kozi mbili kwa jina la moja: mihadhara inabaki ilivyokuwa, halafu video, majadiliano na majaribio vinaongezwa juu yake. Kwa hiyo, kila mnapoongeza shughuli ya mtandaoni, onesheni ni saa ngapi za darasani zimepunguzwa. Kwa mfano, ikiwa wanafunzi watasoma mapema maelezo ya sampuli nasibu na kujibu maswali matano, kipindi cha ana kwa ana kisirudie maelezo hayo, bali kianze na swali lililowashinda wengi, huku wakiwa na data halisi mbele yao.

Video ziwe fupi. Uchambuzi wa kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa ushiriki wa watazamaji hushuka video inapozidi dakika 6. Ziambatane na manukuu yanayoonekana kwenye skrini na nakala ya maandishi, kwa sababu si kila mwanafunzi anasikia, wala si kila mmoja ana intaneti ya kutosha.

Tafadhali tumeni rasimu humu kama faili, si picha za skrini, ambazo hatuwezi kuzihariri.