Barua kwa Bahati: kabla hatujanunua mitambo

Lubumbashi, Jumamosi jioni

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima. Mvua imeanza na barabara ya Katuba imerudi kuwa ile unayoijua. Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli chuo chetu kinataka kufungua masomo ya mtandaoni, na uniti zikaniishia kabla sijakujibu. Nakuandikia sasa kwa nafasi, tena nina shida na wewe, utaiona mbele.

Ni kweli. Wameunda tume, na mimi nimo. Kikao cha kwanza karibu chote kiliishia kwenye vifaa: ubao wa kugusa kwa kidole, studio yenye taa, kamera. Mmoja alikuwa ameshakuja na profoma mkononi. Nikauliza: mwanafunzi wetu ni nani? Wakatazamana.

Maana huyo tunamjua. Ni fundi wa Fungurume au Kolwezi anayefanya kazi mgodini kwa zamu, wiki hii analala mchana, wiki ijayo usiku. Ni muuguzi wa Likasi. Ni kijana wa Kasumbalesa anayeshinda na makaratasi ya malori mpakani. Watu hawa hawawezi kukaa kwenye ukumbi wa oditwari saa mbili asubuhi, na kwa sababu hiyohiyo hawawezi kukaa mbele ya simu saa mbili asubuhi kumsikiliza profesa moja kwa moja. Na profesa akiwa Kinshasa, saa yake iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo nusu ya darasa itamsubiri na nusu itakuwa imeshakata tamaa.

Halafu kuna bei ya mega. Somo la video la saa moja linakula megabaiti mia kadhaa bila shida. Sauti peke yake, ukiirekodi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima haifiki megabaiti 15. Hesabu hiyo niliiandika ubaoni mbele yao, ubao wa kawaida wa chaki, na yule wa profoma akaikunja karatasi yake.

Mambo haya si mapya Afrika. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na mihadhara ikawa inarushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya hadi kwenye vyuo vyetu. Baadaye makao yake yakahamia Nairobi. Sisemi hakikufaa kitu, nasema tu kwamba tume yetu ilikuwa inaota ndoto ileile, kasoro setilaiti.

Kuhusu jukwaa lenyewe sikupigana sana. Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, ipo tangu 2002, leseni yake ni ya bure, na programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua kozi akiwa penye mtandao kisha akaisoma nyumbani bila mtandao. Hata jaribio anaweza kulifanya hivyo, mradi mwalimu ameruhusu. Ila neno “bure” limewalevya wenzangu. Kila anayelitaja namwuliza ni nani ataamka usiku seva ikianguka, na ni nani atamjibu mwanafunzi aliyesahau nywila siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Mtu huyo anataka mshahara, na kwenye bajeti hayumo. Seva tukiiweka hapa chuoni, umeme ukikatika mtu wa Kolwezi naye amekatika. Tukiikodi ng’ambo, aliye hapa chuoni analipia mega kusoma kitu kilichotengenezwa chumba cha pili. Mimi napendekeza kukodi ng’ambo, na hapa tuweke kompyuta ndogo yenye betri na paneli ya jua, watu waje kujaza simu zao mafaili ya masomo kwa Wi-Fi bila kulipa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka kikaoni: silabusi, yaani vitini vya masomo ambavyo mwalimu huwauzia wanafunzi wake. Wewe mwenyewe umezinunua, unakumbuka tulivyopanga mstari mlangoni kwa asistanti jina letu liandikwe. Mshahara wa mwalimu unachelewa, na silabusi ndiyo inayolipa shule ya watoto wake. Ukimwambia aweke kozi yake yote mtandaoni, umemwambia afunge duka. Hatakataa. Atakubali kwa adabu, ataskani silabusi ileile yenye kurasa zilizopinda, ataipandisha, basi. Mwaka mmoja tutakuwa na jukwaa lililojaa PDF na hakuna somo hata moja.

Kwa hiyo nimesema alipwe kwa kuandika. Sehemu ya kwanza anapokabidhi somo na wanafunzi wachache wakalijaribu, sehemu ya pili kila mwaka linapotumika na yeye akalipitia upya. Jina libaki lake, chuo kipewe haki ya kulitumia kwa muda ulioandikwa. Pesa zitoke kwenye minervali, karo za wanafunzi haohao. Nikajibiwa kwamba pesa hakuna. Pesa za skrini zilikuwepo.

Ngoja nikupe kisa kimoja. Tulimwomba profesa mmoja wa uchumi, mzee, turekodi naye kwa majaribio ofisini kwake. Madirisha tukayafunga kwa sababu ya jenereta ya jirani, simu tukaiegemeza kwenye rundo la vitabu. Akatoa karatasi zake za manjano akaanza kuimla, kama oditwarini: sentensi, mkato, sentensi, nukta, mstari mpya. Kifaransa kimenyooka, usingizi mtupu. Asistanti wake, binti mmoja mwerevu, akamkatiza kwa heshima: “Baba profesa, na mtu akiuliza kwa nini bei inapanda?” Mzee akaweka karatasi chini. “Lakini wewe, gunia la makala ya kupikia ulinunua bei gani kabla ya mvua? Na leo?” Akaendelea hivyo dakika kumi, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, mkono unapiga meza. Alipomaliza akauliza kama Kiswahili kile tutakitoa. Tumekiacha. Kwenye tume wapo wanaonung’unika kwamba diploma ni ya Kifaransa. Mtihani utabaki Kifaransa, sawa, lakini maelezo yale siyafuti.

Na mtihani lazima uwe wa ana kwa ana, hilo tumekubaliana haraka. Mitaala ni ileile ya LMD, yaani mfumo wa lisansi, masta na udaktari, lisansi ya krediti 180 kama wa mchana, vinginevyo waajiri wataiita diploma ya simu. Tutahitaji vituo Likasi na Kolwezi.

Hapo ndipo shida yangu kwako inaanza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeundwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani, na makao yake ni Kinondoni, hapo Dar es Salaam, si mbali na kwako. Nenda unitafutie mtu wa kuzungumza naye. Kipeperushi sitaki. Nataka kujua mwandishi wa moduli analipwaje, mara moja au kila mwaka, mkataba wake unasemaje kuhusu haki, na asiyekabidhi kwa wakati wanamfanyaje. Ukipata nakala ya mkataba, hata ya zamani yenye majina yaliyofutwa, ipige picha kurasa moja moja unitumie WhatsApp, usiniletee faili zito.

Kikao kingine ni mwanzoni mwa mwezi ujao, na safari hii nitakuwa wa kwanza kufika na karatasi mkononi, kama utanisaidia. Wakikuuliza unatafuta kwa niaba ya nani, wape namba yangu wanipigie.

Wako,
Ilunga