Ndege moja ya nzige na ya watalii? Ipimwe kwanza

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyependekeza kaunti za Pwani zichange zinunue ndege moja ya injini ya tabini (ile isiyo na pistoni, ambamo gesi moto huzungusha visahani). Nzige wakija ibebe dawa, wakiondoka ibebe watalii wanaoruka kwa miavuli Diani. Hoja yake ni kwamba ndege ikikaa chini inakula pesa bure, na hapo simpingi. Ila mtu aliyeshika spana kwenye ndege za kazi zote mbili hawezi kuyaacha mengine yapite, nami ndiye huyo. Nimestaafu, nakaa Ukunda, na ndege ikipaa bado naisikiliza mpaka sauti ipotee.

Kwanza nimpe haki yake. Kazi hizi zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Zote zataka ndege ipae kiwanja kifupi ikiwa imeshiba, ipande upesi, irudi tupu, ipakiwe injini ikiwa inanguruma, iondoke tena. Huko New Zealand ndege zimekuwa zikimwaga mbolea vilimani tangu miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda kimoja cha mji wa Hamilton kilichukua bawa la ndege yake ya mbolea iitwayo Cresco, kikalijengea mwili mpya, ikazaliwa PAC 750XL. Iliruka mara ya kwanza mwaka 2001, na inabeba warukaji hadi 17. Kwa hiyo msomaji wenu hakuota ndoto ya ajabu.

Na tabini ndiyo injini yenyewe. Rubani akishawaachia watu futi 12,000 hutaka kushuka haraka akachukue wengine. Injini ya pistoni iliyotoka kupanda kwa nguvu zote ikipigwa na baridi ya ghafla namna hiyo, silinda huweza kupata nyufa. Tabini haijali baridi hiyo. Isitoshe hunywa Jet A-1, mafuta yaleyale ya ndege kubwa, ilhali petroli ya ndege ndogo katika sehemu nyingi za Afrika ni ya kutafuta kwa tochi.

Tatizo ni pale aliposema kuwa kung'oa tangi na kuingiza watu ni kazi ya mafundi wawili na asubuhi moja. Kung'oa, sawa. Lakini namwomba asome habari ya Fox Glacier, kisiwa cha kusini cha New Zealand, tarehe 4 Septemba 2010. Ndege aina ya Fletcher, yenye injini ya tabini ya Walter, ilianguka mara tu baada ya kupaa ikawaua wote 9: rubani, wakufunzi wanne na watalii wanne. Ilikuwa ndege ya mbolea iliyogeuzwa miezi michache tu nyuma kuwa ya warukaji. Tume ya nchi hiyo inayochunguza ajali za uchukuzi ilikuta kwamba hesabu za uzito na mlingano wa mzigo hazikukamilishwa kabla haijaanza kazi hiyo mpya, na kwamba kila ilipobeba warukaji 8 ilikuwa inaruka nje ya mipaka yake ya upakiaji, uzito ukiwa umeegemea nyuma mno. Kama hilo peke yake ndilo lililoiangusha, watu wamebishana kwa miaka. Mimi halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba ndege hiyo ilikuwa na makaratasi, ilikuwa na wateja, na hakuna aliyekaa na kalamu akajumlisha.

Wasiozoea ndege nawaeleza hivi. Tangi la ndege ya shamba hukaa nyuma kidogo ya injini, karibu kabisa na kitovu cha uzito. Liwe limejaa au tupu, pua haihangaiki sana. Watu hawakai mahali pamoja. Hujipanga sakafuni mpaka karibu na mkia, na ikifika saa ya kuruka husogea wote kuelekea mlango wa nyuma. Ndiyo maana Caravan, ndege ya tabini yenye injini moja, hupewa kigingi cha kuegemeza mkia wakati wa kupakia, na ndiyo maana rubani mzuri hukataa kundi zima kujazana mlangoni hewani. Tena wale wa Fox Glacier hawakuwa wamefungwa mikanda. Pua ikiinuka sana, mtu asiyefungwa huteleza nyuma na kuongeza uzito palepale usipotakiwa.

Kuna na jambo la uzito wenyewe. Nchi kadhaa huruhusu ndege ya shamba ipae na mzigo unaozidi ule ambao ndege hiyohiyo ingeruhusiwa kubeba ikiwa na abiria. Sababu ni kwamba rubani yuko peke yake, na mambo yakiharibika huvuta mkono mmoja dawa yote ikamwagika chini kwa sekunde chache. Watu huwezi kuwamwaga. (Najua mtaniambia hao wana miavuli. Ni kweli, wakiwa juu ya kutosha. Januari 2015 injini ya ndege moja ya warukaji ilizimika ikiwa bado inapanda karibu na ziwa Taupo, kulekule New Zealand, na wote 13, rubani akiwemo, waliruka wakatua salama, ndege ikaingia majini bila mtu. Fox Glacier hawakuwa wamefika popote pa kufungulia mwavuli.)

Sasa injini. Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: ina saa ngapi? Kwa ndege ya safari ni swali zuri. Kwa ndege hizi ni nusu ya swali. Caravan ya abiria ikitoka Wilson kwenda Lamu, injini yake ya PT6 huwashwa mara moja, hupaa mara moja, na husafiri kwa utulivu zaidi ya saa nzima. Ndege ya warukaji katika saa hiyohiyo huweza kupaa na kutua mara tatu, kila mara nguvu zote kisha karibu bila nguvu. Visahani vya tabini huchoshwa na kule kupata moto na kupoa, si saa peke yake, na mtengenezaji ameviwekea idadi ya mizunguko, yaani mara ngapi vinaweza kupitia hali hiyo. Ikifika, vinatupwa hata kama vinang'aa. Kupaa tena bila kuzima injini nako kuna hesabu yake kitabuni. Nimewahi kuletewa ndege iliyonunuliwa kwa bei ya bure kwa sababu saa zake zilikuwa chache, na kurasa za mizunguko hazikujazwa. Mwenye ndege alinitazama kama mimi ndiye nimezifuta.

Hapa kwetu ongeza chumvi. Upepo wa bahari haumwachii mtu kompresa yake, ile sehemu ya injini inayovuta na kubana hewa. Injini inayofanya kazi kando ya Diani yafaa ioshwe kwa maji safi jioni kazi ikiisha, kila siku. Maji safi, si ya kisima chenye chumvi! Mbolea na dawa nazo hula bati na riveti, hasa chini ya sakafu, mahali asipopaona mteja aliyekuja na kamera.

Kuhusu nzige nitasema kwa ufupi. Waliingia kwetu kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba 2019, na miongoni mwa dawa zilizopendekezwa dhidi yao ni fenitrothion, inayonyunyiziwa bila maji, lita moja au chini ya hapo kwa hekta. Kwa kiwango hicho ndege haihitaji tangi la lita 3,000 kama la Air Tractor 802, ndege kubwa ya shamba. Caravan yenye tangi dogo ingeweza, na kwa hesabu hiyo msomaji wenu yuko sawa tena. Lakini fenitrothion ni sumu ya neva. Anayeshughulika nayo hupimwa damu kila mara, na mafundi tunaofungua mabomba tumo. Je, kabla ya mtalii kuketi sakafuni na kaptura, nani atasaini kwamba sakafu hiyo imeoshwa, na kwa utaratibu gani? Barua ile haikugusa hilo.

Wala haikugusa propela. Kupakia injini ikinguruma ni kawaida ya kazi zote mbili, lakini mpakiaji wa dawa ni mtu yuleyule kila siku na anajua apite wapi. Mtalii ni mgeni, amesisimka, anataka picha. Uzuri wa PT6 ni kwamba rubani anaweza kulaza mapanga ya propela, yaani kuyageuza yasisukume hewa, nayo ikazunguka taratibu injini ikiwa bado hai. Zipo tabini nyingine ambazo propela imeungwa moja kwa moja na injini, hazina upole huo. Hata hivyo mapanga yanayozunguka taratibu yanaua. Aajiriwe mtu ambaye kazi yake yote ni kusimama kati ya bawa na pua, asipewe simu wala kamera ya kushika.

Ikiwa kaunti bado zinaitaka ndege hiyo, naomba tangazo la zabuni lidai ndege ipimwe upya kwenye mizani kila inapobadilishwa kazi, karatasi ya kila mpangilio ikae mbele ya rubani, mikanda ifungwe sakafuni kwa kila mrukaji, na kurasa za mizunguko ya injini zionekane kabla ya shilingi moja kulipwa. Na asije mtu akasema Ukunda hakuna mizani. Mizani za ndege ni vibao vitatu, kila gurudumu na chake. Hubebwa kwa pikapu. Kinachotakiwa ni sakafu iliyo sawa na banda la kuzuia upepo.

Fundi mstaafu wa ndege,
Ukunda, Kwale