YAH: CHETI KINACHOSEMA UBAPA ASILIMIA 14 KWA KOKOTO ZENYE ASILIMIA 38

Kitengo cha Udhibiti wa Ubora,
Mradi wa Jengo la Ghorofa Nne,
Njiro, Arusha.

Kwa: Meneja Uzalishaji na Mkuu wa Maabara ya Machimbo.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kokoto za milimita 20 mlizoshusha hapa Njiro zilikuja na cheti cha maabara yenu kinachosema ubapa wake, yaani sehemu ya uzito iliyo vipande bapa, ni asilimia 14. Mkataba wa ununuzi unataka usizidi 30, kwa hiyo kwenye karatasi hamna deni. Lakini hata saidia fundi aliyekuwa akipakia toroli aliona kasoro: kila koleo lina vipande kama magae ya chungu. Tulipozipima tulipata 38. Pengo hilo halitokani na bahati ya sampuli. Chanzo chake kimo ndani ya cheti chenu, na hicho ndicho tunacholalamikia kuliko hata kokoto zenyewe.

Tuanze na geji, yaani bati lenye matundu membamba ya kupimia unene wa kokoto. Kipande huhesabiwa bapa kama unene wake haufiki 0.6 ya wastani wa machekeche mawili kilichonaswa katikati yake. Kokoto iliyopita chekeche la 20 ikabaki juu ya la 14 ina wastani wa milimita 17, hivyo tundu lake la geji ni 10.2. Kundi la 28 hadi 20 hupimwa kwa 14.4, la 14 hadi 10 kwa 7.2, na la 10 hadi 6.3 kwa 4.9. Kila kundi na tundu lake. Kwenye cheti chenu, safu ya geji imejazwa 7.2 katika mistari yote minne.

Athari yake inaonekana bila kwenda maabara. Kundi dogo kabisa, la 10 hadi 6.3, lilikuwa na gramu 62, na mmeandika kwamba gramu 58 zilipita. Mkiisoma namba hiyo kama ilivyo, karibu kila kokoto ndogo ya machimbo yenu ni bapa, tuhuma ambayo hata sisi walalamikaji hatuwezi kuitoa. Zilipita kwa sababu tundu la 7.2 ni kubwa mno kwao. Kundi la 20 hadi 14 ndilo lenye uzito mkubwa, gramu 702, na humo zimepita gramu 41 tu. Kipande chenye unene wa milimita 8 au 9 hakipenyi 7.2, kwa hiyo mpimaji wenu alikirudisha kwenye sinia la kokoto nzuri. Kundi la 28 hadi 20 limepewa sifuri kwa sababu hiyo hiyo. Mstari pekee unaoaminika ni wa 14 hadi 10, gramu 71 kati ya 318, na huo unatoa asilimia 22. Cheti cha asilimia 14 ambacho mstari wake mmoja uliopimwa sawasawa unasema 22 kilipaswa kumshtua yeyote aliyekitia sahihi.

Tumechukua kipande kimoja kutoka kwenye kundi la 20 hadi 14 kama kielelezo na kukipima kwa vernia, rula ya chuma yenye taya za kubana: unene milimita 8.5, urefu milimita 34. Kwa tundu lake halali la 10.2 ni bapa. Kwa geji ya urefu, ambayo hutumia mara 1.8 ya wastani na kwa kundi hili ni 30.6, ni ndefu pia. Kwa njia mliyotumia, kipande hicho ni kizuri pande zote mbili, maana urefu hamkuupima kabisa ingawa mkataba unautaja.

Kuna makosa mengine mawili. Jumla mliyogawia ni gramu 1,214, na ndani yake mmeingiza gramu 36 zilizopita chekeche la 6.3. Mabaki hayo hayamo kwenye kipimo hiki. Yanatakiwa kutupwa kabla ya hesabu. Kwa namba, kosa hili ni dogo: 170 kwa 1,178 ni 14.4 badala ya 14.0, na tusingeandika barua kwa ajili yake peke yake. La pili ni zito zaidi. Kwa kokoto za milimita 20, BS 812 sehemu ya 105.1, kiwango cha Uingereza cha kipimo hiki, inataka angalau kilo 2 zibaki baada ya kuondoa zilizozidi ukubwa na zilizopungua. Ninyi mlikuwa na kilo 1.2, na cheti kinasema sampuli ilichukuliwa "juu ya lundo". Juu ya lundo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kokoto zikimwagwa hujichambua, kubwa na za mviringo huviringika hadi chini pembeni, na kinachobaki kileleni si mwakilishi wa chochote. Mahali pazuri ni kwenye mkanda unaotoka kwenye mashine. Ikishindikana, chukueni sehemu zisizopungua 10 kuzunguka lundo, chini, katikati na juu, baada ya kukwangua tabaka la nje, hadi zifike kama kilo 25. Kisha changanyeni na kugawa robo nne, mkitupa robo mbili zinazotazamana, hadi mpate kiasi cha kupimia.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na namba zetu tunaziandika hapa ili mzihakiki. Sampuli ilikaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, ikapoozwa, ikachekechwa. Tulipata gramu 148 kati ya 28 na 20, gramu 2,096 kati ya 20 na 14, gramu 806 kati ya 14 na 10, na gramu 210 kati ya 10 na 6.3, jumla 3,260. Kundi la kwanza ni asilimia 4.5 ya jumla, na kundi lisilozidi asilimia 5 huachwa, kwa hiyo kigawanyo kikawa 3,112. Zilizopita geji, kila kundi kwa tundu lake, ni 838, 282 na 61, jumla 1,181. Hiyo ni asilimia 37.9, nasi tumeandika 38 kwa kuwa matokeo hutolewa kwa namba nzima. Kila kipande kiligeuzwa kwa mkono na kujaribiwa pande zake. Hakuna kilichosukumwa kwa nguvu, na hakuna aliyemwaga konzi nzima juu ya geji na kuitikisa. Upana wa matundu ya geji yetu ulihakikiwa kwa vernia kabla ya kazi. Tundu lililolika hupitisha vipande vingi zaidi na kumwonea msambazaji, na hatukutaka kuwaonea.

Mtasema BS 882 ya 1992, kiwango cha Uingereza cha kokoto za zege, iliruhusu ubapa hadi 40 kwa kokoto za mawe yaliyopondwa, hivyo 38 si dhambi. Ni kweli iliruhusu. Lakini mlitia sahihi 30, na 30 haikuwekwa kwa kujipamba. Makutano ya nguzo na mihimili ya jengo hili yamebana nondo, na zege linapandishwa kwa pampu. Kokoto bapa na ndefu hazipangiki vizuri, zinaacha nafasi tupu nyingi katikati yake, na nafasi hizo lazima zijazwe na mchanga, saruji na maji. Kwa mchanganyiko ule ule na maji yale yale, slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, inashuka. Hapo ndipo balaa huanzia, kwa sababu mtu wa mixa akiona zege gumu haongezi saruji, anafungua bomba la maji. Uwiano wa maji na saruji unapanda, nguvu ya zege inashuka, na kyubu, yale matofali ya zege ya kupimia nguvu, zikija kufeli siku ya 28 lawama inaangukia saruji. Hata pale maji yanapodhibitiwa, vipande bapa hulala kifudifudi wakati wa kutetemesha, maji yanayopanda yananaswa chini yake, na zege likikauka panabaki tabaka dhaifu. Na kipande cha milimita 34 kikikwama kati ya nondo na boksi la kumwagia zege, kwenye kava (zege linalofunika nondo) ya milimita 25, nyuma yake zege linabaki na matundu. Boksi likifunguliwa nondo zinaonekana, na kiraka cha sementi hakirudishi kilichopotea.

Sasa kuhusu mashine. Mawe ya huku kwetu, upande wa Meru na hata wa Kilimanjaro, mengi ni ya volkano, magumu na yenye chembe ndogo sana. Jiwe la aina hiyo hupenda kumeguka vibamba, na halistahimili kupondwa kwa pupa. Kwa mwonekano wa shehena hii, tunaamini mnalivunja jiwe kubwa hadi milimita 20 kwa mashine ya taya peke yake, kwa hatua moja. Taya hubana jiwe pande mbili tu, na kibamba chembamba kikishapatikana kinateleza wima kwenye mdomo wa chini bila kuguswa tena. Punguzeni kazi ya taya: ivunje hadi ukubwa wa kati, halafu mashine ya koni imalizie. Koni nayo ilishwe hadi ijae, jiwe juu ya jiwe, kwa sababu inayolishwa kidogo kidogo hutoa vibamba kama taya tu. Kinachobaki juu ya chekeche kirudishwe kwenye koni, kisiuzwe. Mkiwa na mashine ya kurusha, ile inayogonganisha mawe kwa mawe, umbo litanyooka zaidi ya yote, ingawa vumbi litaongezeka na mtahitaji soko lake. Kagueni pia nyavu zenu za kuchekechea. Zikiwa na matundu marefu badala ya mraba, au zimechanika, vipande virefu vinapita vikihesabiwa kuwa saizi sahihi. Na bati za taya zikilika, mashine hutema umbo baya hata ikiwa imepangwa vizuri.

Hatuwaelekezi jinsi ya kuendesha biashara yenu. Tunaandika haya kwa sababu mkibadilisha cheti tu bila kugusa mashine, shehena ijayo itakuja vile vile, na sisi tutairudisha getini.

Tunataka mambo manne. Kwanza, mzichukue kokoto ambazo hazijatumika, ambazo tumezitenga upande wa mashariki wa uwanja na kuziwekea kibao, na mlete nyingine kwa gharama zenu. Pili, mfute cheti hicho kwa maandishi. Tunajua kinasafiri na madereva wenu, na si vizuri kimfikie mjenzi wa Moshi au Usa River asiye na geji. Pale ambapo kokoto zinakwenda kwenye lami ya kunyunyizia, yaani barabara inayomwagiwa lami kisha kokoto juu yake, madhara ni makubwa kuliko kwetu, kwa sababu kiasi cha lami hukadiriwa kwa kufuata unene wa kokoto, na kibamba kilicholala huzama. Tatu, kila shehena ijayo iambatane na karatasi ya kipimo yenye safu zote: uzito wa kila kundi, tundu la geji lililotumika, uzito uliopita, pamoja na kipimo cha urefu. Asilimia moja iliyopigwa mhuri haitutoshi tena. Nne, mmtume mpimaji wenu hapa Njiro ndani ya siku saba tupime pamoja. Kipimo hiki kimo pia katika Mwongozo wa Vipimo vya Maabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 2000, kwa hiyo hakuna sababu ya kubishana juu ya utaratibu.

Nusu nyingine ya sampuli, iliyogawanywa siku ile ile, imefungwa kwenye kiroba chenye lebo na sahihi ya mhandisi mshauri. Haijachekechwa. Itafunguliwa mbele ya mpimaji wenu. Aje na geji yake, na tutaihakiki kwa vernia kama tulivyoihakiki yetu. Malipo ya shehena hii yamesitishwa hadi hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kitengo cha Udhibiti wa Ubora,
Njiro, Arusha.

Nakala: Mhandisi Mshauri, Mkandarasi Mkuu, Ofisi ya Ununuzi.